Mkono Chini ya Blanketi la Farasi

Shirika lililoniajiri lilinipeleka kwa mzee yule kwa sababu ya lugha. Waliambiwa anazungumza Kiswahili, wakadhani ni mtu wa kwetu, wakatafuta Mkenya. Nilipofika nyumbani kwake, nje kidogo ya Upper Marlboro, nilimkuta Mmarekani mweusi ameketi mezani jikoni, mrefu hata akiwa ameketi, mrija wa oksijeni umepita puani na kuzunguka masikio. Akanyoosha mkono.

"Karibu, ndugu. Habari za njia?"

Mimi nimezaliwa Kinangop, na kwetu kumwita mtu usiyemjua ndugu nilikusikia kanisani tu. Yeye alilipata neno hilo Tanzania, alikokwenda kufundisha hesabu alipokuwa kijana, enzi ambazo kule hata waziri aliitwa ndugu. Alikaa miaka michache, akarudi, akafundisha shule za hapa Maryland mpaka akastaafu, na muda wote huo alikuwa akikisema Kiswahili chake peke yake garini ili kisimpotee. Hakikupotea, ila hakikukua pia. Kitu kizuri kwake kilikuwa "barabara kabisa". Kila ombi lilianza na "tafadhali". Nilipomwita Mzee alitabasamu kama mtu aliyerudishiwa cheo chake.

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa na kuangalia mashine ya oksijeni isizime. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Hewa baridi ikimwingia kifuani alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, kwa hiyo daktari alimkataza kutoka nje tangu majani yanapoanza kuanguka hadi yatakapochipua tena. Jambo ambalo shirika halikuniambia, maana nao hawakulijua, ni kwamba nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, na ndani ya banda kulikuwa na farasi.

Alikuwa dume aliyehasiwa, rangi ya kahawia, na baka jeupe katika paji la uso. Alikuwa mzee sana kwa umri wa farasi. Binti yake Mzee, mama wa makamo anayeishi Bowie na kufanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini, ndiye aliyekuwa akija kumlisha asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya foleni ya magari. Alikuwa amechoka, na uchovu ule ulionekana hata katika namna alivyofunga mlango wa gari. Siku yangu ya kwanza alinivuta kando akaniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, "Farasi si kazi yako. Baba akikuomba, kataa."

Aliniomba. Alisema tafadhali. Nikavaa gambuti zake, zilizonizidi, nikatoka.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mzee aliketi kwenye dirisha la jikoni, simu sikioni, na mimi nilikuwa bandani, simu mfukoni na waya masikioni. Tuliweza kuonana kwa mbali, yeye nyuma ya kioo, mimi katika matope, na sauti yake ilikuwa karibu kuliko uso wake. Asubuhi ya kwanza yenye baridi ya kweli aliniambia, "Ndugu, leo ni nyuzi arobaini. Tafadhali mvalishe blanketi."

"Arobaini, Mzee? Si ataungua?"

Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, nami nikasimama bandani nikisubiri kipite. Nilikuwa nimesahau kwamba hapa wanahesabu joto kwa namna yao, na arobaini yao ni baridi ya kuvaa sweta na jaketi.

Mablanketi yalitundikwa juu ya gogo, moja baada ya jingine, kila moja na mikanda yake ya kifuani, ya tumboni na ya nyuma ya miguu. Nikayainua yote kuyapima kwa mikono. Moja lilikuwa la turubai la zamani, zito kama mfuko wa simiti. Kwa akili yangu ya Kinangop, ambako baridi ya Julai huunguza viazi shambani na watu hulala chini ya blanketi lenye uzito wa kumkandamiza mtu kitandani, hilo ndilo lilikuwa lenyewe. Nikalitia begani na kutoka nalo.

"Lipi hilo?" Mzee akauliza simuni. Niliona mkono wake umeinuka dirishani.

"Lile zito kabisa."

"Zito mkononi, au zito kwa joto?"

Sikujua kuna tofauti. Akanifundisha pale pale, polepole, akipumzika kati ya sentensi ili pumzi imfikie. Watu wa farasi wanaposema blanketi jepesi, la kati au zito, hawasemi habari ya mizani. Wanasema habari ya ile pamba ya kiwandani iliyoshonwa katikati, baina ya kitambaa cha nje na bitana. Hupima gramu za pamba hiyo katika kipande cha mita moja kwa mita moja. Mablanketi mengine hayana pamba hata kidogo. Kazi yake ni kuzuia mvua na upepo, basi. Ya gramu mia ni kama sweta. Ya mia mbili ni ya kati. Kuanzia mia tatu ndiyo mazito, ya siku ambazo ndoo ya maji inaganda. Turubai nililobeba halikuwa na gramu hata moja. Namba nyingine kubwa zaidi iliyoandikwa kwenye lebo ni ya nguvu ya kitambaa cha nje, kisichanike farasi akijisugua kwenye ua, na wanunuzi wengi huiona hiyo wakadhani ni joto.

"Halafu lipo jambo baya zaidi," alisema. "Manyoya ya farasi husimama akihisi baridi. Yakisimama, hushika hewa, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake la kuzaliwa. Ukimwekea kitu kizito kisicho na pamba, unayalaza manyoya. Umemvua moja, hujamvisha jingine."

Nikarudisha turubai na kuchukua la gramu mia mbili. Lilikuwa jepesi mno, nililishika kwa mkono mmoja.

Jumapili nilipompigia mama simu nikamweleza. Kwetu punda hulala nje na umande mgongoni na hakuna anayemuuliza kama kalala vizuri. Mama alicheka sana, akawaita majirani waje wasikie. Kisha akauliza, "Na wewe, hapo unapolala, una blanketi?" Nilikuwa nimepanga chumba Langley Park, katika jengo ambalo joto lake linawashwa na mwenye nyumba kutoka chini na mpangaji hawezi kulipunguza. Kila usiku nililala na dirisha wazi, nimevaa fulana. Nikamwambia usijali, mama, hapa joto ni la bure.

Kumvalisha farasi si kazi ngumu. Kujua kama amevalishwa sawasawa ndiyo iliyonishinda. Mzee alinifundisha kuingiza kiganja chini ya blanketi, nyuma ya bega, mahali ambapo shingo inakutana na mgongo. Usishike masikio peke yake, masikio hudanganya. Kiganja kikikuta jasho, amezidiwa. Kikikuta ubaridi, amepungukiwa. Alinitaka niingize mkono asubuhi, mchana na kabla sijaondoka, kisha nimwambie.

"Vipi?"

"Ana joto, Mzee."

"Joto gani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimetoka kushika ndoo ya maji ya baridi na mkono wangu ulikuwa kama barafu. Kila kitu kwake kilikuwa na joto. Nikasema vuguvugu. Akauliza vuguvugu la chai iliyosahauliwa, au vuguvugu la mtoto aliyeamka? Nikasema sijui, labda la mtoto. Niliona kupitia kioo namna alivyoweka kiganja chake mwenyewe shingoni, ndani ya kola ya shati, akijaribu kukisia. Nilimhurumia. Kwa miaka yote mkono wake ulikuwa umejua wenyewe, haukuhitaji maneno, na sasa mkono uliokuwa ukienda bandani ulikuwa wangu, na mimi nilikuwa na maneno matatu tu: baridi, vuguvugu, moto.

Hali ya hewa ya huku nayo haikutusaidia. Kuna wiki ilikuja na jua kama la mwezi wa tano, watu wakatembea na kaptula, na usiku wake umande ukaganda kwenye vioo vya magari. Nilifika asubuhi nikakuta farasi amevaa la mia tatu, alilovalishwa na binti jioni iliyotangulia kwa sababu ya baridi, na jua tayari limepanda. Nilipoingiza mkono ulitoka umelowa. Mvuke ulitoka chini ya ukosi wa blanketi. Nikamvua, nikamsugua kwa magunia makavu, Mzee akinielekeza simuni: sugua kinyume cha manyoya, yasimamishe, usimvalishe kitu mpaka akauke. Kabla hajakauka wingu likaja kutoka kaskazini na upepo wenye mvua nyembamba. Nikamwingiza bandani. Akaanza kutetemeka, kwanza mabega, kisha mapaja.

"Nimvalishe?"

"Ukimvalisha na maji ndani, unayafungia maji."

"Nimwache?"

Nilitazama dirishani nikamwona amefumba macho. Mimi nikaendelea kusugua, nikibadilisha gunia na taulo, mpaka mikono ikawaka moto na mtetemo wake ukapungua, na wala sikujua kama umepungua kwa sababu yangu au kwa sababu farasi mwenyewe alichoka kutetemeka. Mzee akaniambia nimpe nyasi kavu. "Nyasi ndizo jiko lake. Zikisagika tumboni, zinampasha joto." Nikamwekea nyingi. Alizitafuna kwa muda mrefu, akichezesha taya kando kando, na nilipoangalia chini nikaona vidonge vya nyasi vilivyoviringwa na mate, vimetemwa, vimetapakaa karibu na kwato zake. Sikujua maana yake. Nilidhani ni namna farasi wanavyokula.

Baada ya Krismasi nilimvua blanketi ili nimpige brashi, kwa kuwa siku ilikuwa kavu. Manyoya yake ya kipupwe yalikuwa marefu, na kwa macho alionekana mnene tu. Nilipopitisha mkono ubavuni nikahesabu mbavu kama mtu anayepitisha mkono kwenye mbao za ngazi. Uti wa mgongo ulikuwa umechomoza. Nikasimama na brashi mkononi.

"Mbona umesimama?" Mzee akauliza.

"Mzee, amekonda."

"Amekonda kiasi gani?"

"Sana."

Nikasikia kiti kikisukumwa, na mashine ya oksijeni ikilia kwa sababu mrija umevutwa. Nikakimbia ndani. Alikuwa amesimama, ameshika kingo za sinki, paji la uso limegusa kioo. Nikamrudisha kitini, nikaunganisha mrija. Alipopata pumzi akasema, "Tangu mwezi wa kumi na moja naona blanketi likitembea pale uwanjani. Nikadhani namwona farasi."

Binti yake alimwita daktari wa farasi, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, aliyekuja na pikapu yenye makabati pande zote. Alimfungua farasi mdomo kwa chuma, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akamulika kwa tochi. Kisha akaingia jikoni, akavua viatu mlangoni, akaketi mbele ya Mzee. Alisema meno ya nyuma yamekwisha. Yaliyobaki yanacheza. Vile vidonge vya nyasi nilivyoviona vilikuwa chakula asichoweza kukisaga, anatafuna utamu wake na kukitema.

"Nikimnunulia blanketi zito zaidi?" Mzee aliuliza. "Yapo ya gramu mia nne."

Daktari alitikisa kichwa taratibu. Alieleza kwa Kiingereza cha upole, nami nakieleza hapa kwa maneno yangu: blanketi halitengenezi joto. Linatunza joto ambalo mwili umelitengeneza. Mwili usipotengeneza, hata ukirundika mablanketi yote ya Maryland juu yake, yatatunza ubaridi.

Mzee alifundisha hesabu maisha yake yote. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kosa katika hesabu na hakuna pa kubishia.

Tulijaribu. Daktari alituachia maelekezo ya uji wa majani yaliyokaushwa na kusagwa, unaolowekwa katika maji ya moto mpaka unakuwa laini, ambao farasi hahitaji kuutafuna. Nikawa natengeneza uji wa Mzee na uji wa farasi kwenye meza moja. Kwa muda mfupi farasi aliupenda. Alilamba ndoo, alinisukuma kwa pua nikichelewa, na nilipoingiza kiganja chini ya blanketi nilikuta lile joto la mtoto aliyeamka. Sasa nililijua, sikuhitaji kuulizwa. "Barabara kabisa," Mzee alisema. Binti yake, ambaye hakuwa akizungumza nami sana, aliniletea kahawa bandani na akasimama kando yangu akimtazama farasi akila. Alisema alijifunza kupanda farasi juu ya mgongo huo akiwa tayari mtu mzima, baada ya mama yake kufa, kwa kuwa baba yake hakujua njia nyingine ya kumfanya atoke kitandani. Alisema hivyo akitazama ndoo.

Halafu farasi akaanza kuuacha uji. Aliunusa na kugeuka. Tukautia tufaha lililosagwa, tukautia sukari ya miwa, tukautia chumvi. Daktari alirudi, akapima damu, akasema figo. Redio zote zilikuwa zinatangaza baridi kali inayoshuka kutoka kaskazini, na shule zikatangaza kufungwa kabla hata theluji haijaanguka. Tukamvalisha mawili, la mia mbili chini na la mia tatu juu, na kitambaa cha shingo. Ndani ya hayo yote alionekana kama sofa. Nilipoingiza mkono, ubaridi ulikuwa pale pale nyuma ya bega, ubaridi mkavu, kama wa ukuta.

"Vipi?" Mzee aliuliza.

Nilitamani kusema uongo. Aliona jinsi nilivyochelewa kujibu.

"Usiseme," akasema. "Nimeelewa."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta farasi amelala chini katika maranda ya mbao. Nilimvuta kwa hatamu, nikamsukuma mapaja, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena akasimama huku miguu ikitanuka. Binti alikuja mbio kutoka Bowie. Yeye na baba yake walizungumza jikoni, na mimi nikatoka nje kuwapisha, lakini kuta za nyumba zile ni mbao na nilisikia. Hawakugombana. Mzee alikuwa akiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: kama kuna jambo ambalo hawajajaribu. Na binti alikuwa akijibu, "Hakuna, Baba. Hakuna, Baba." Mwishowe Mzee akaniita.

"Ndugu, daktari atakuja mchana. Tafadhali, nataka kwenda bandani."

Binti alimpigia daktari wa mapafu. Jibu lilikuwa hapana. Hewa ya siku ile ingeweza kumlaza hospitali. Mzee akasema basi na alazwe. Binti akalia. Nikamvalisha makoti, skafu mdomoni, kofia mbili, nikafunga chupa ndogo ya oksijeni kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma nje kwenye ule mteremko wa mbao uliojengwa kwa ajili ya kiti. Mteremko ulipoisha, magurudumu yaliingia kwenye matope yaliyoganda juu na kuwa laini chini. Nikasukuma. Binti akavuta. Kiti kilizama mpaka ekseli. Tulikuwa katikati ya nyumba na banda, watu wazima watatu, na hatukuweza kwenda mbele. Mzee alianza kukohoa ndani ya skafu.

"Turudi," binti alisema. "Baba, tafadhali." Hilo neno la mwisho alilisema kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akisema jingine.

Tukamrudisha kwa kukokota. Alipotulia nikamwambia, Mzee, kama wewe huwezi kwenda, wacha nimlete. Sikujua kama farasi ataweza. Nilimshika hatamu, nikatembea naye kwa mwendo wake, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, nikaogopa kila mara kwamba ataanguka nami sitaweza kumwinua. Alifika kwenye mteremko, akapanda kwa miguu ya mbele tu, mbao zikalia. Binti alifungua mlango wa jikoni nusu. Farasi aliingiza kichwa.

Mzee alivua glavu. Aliupitisha mkono shingoni, akashuka nao taratibu chini ya ukosi wa mablanketi yale mawili mpaka nyuma ya bega, mahali pale alipokuwa ananituma kila siku. Aliuweka hapo. Hakusema baridi, hakusema vuguvugu. Uso wake haukubadilika. Nadhani alikuwa na matumaini kidogo kwamba mkono wangu ulikosea, na haukukosea. Alikaa hivyo mpaka mlango uliokuwa wazi ukaingiza ubaridi mwingi na binti akamgusa bega.

Daktari alipofika, tulimpeleka farasi nyuma ya banda, mahali ambapo ardhi ni tambarare na jirani mwenye tingatinga angeweza kufika. Mzee alikuwa dirishani, simu sikioni. Daktari alitayarisha sindano, akasema tumvue mablanketi kwanza, ili yasituzuie. Nikaanza kufungua mikanda ya kifua.

"Unafanya nini?" sauti ya Mzee ilisema sikioni mwangu.

"Daktari anataka tumvue."

"Hapana. Ni baridi mno. Mwambie amwache nayo. Tafadhali, ndugu, mwambie."

Nilimweleza daktari. Alitazama dirishani, kisha akasema sawa, atamdunga shingoni. Nikafunga tena kifungo nilichokuwa nimefungua. Vidole vyangu havikuwa na hisia na ilinichukua muda. Binti alishika kichwa. Sindano ya kwanza ilimfanya ainame, kama anayesinzia. Ya pili ilimshusha. Kishindo chake nilikisikia zaidi kwa miguu kuliko kwa masikio.

"Amelala?" Mzee aliuliza.

"Amelala, Mzee."

"Blanketi halijakunjamana chini yake?"

Lilikuwa limekunjamana. Nilipiga magoti nikalivuta upande mmoja, nikalinyoosha mpaka mkiani. Nikamwambia liko sawa. Alisema asante, kisha hakukata simu, na mimi sikukata, tukakaa tukisikilizana pumzi mpaka tingatinga likaja.

Baada ya hapo Mzee hakuuliza tena habari za hewa. Alikula kidogo tu. Binti aliuza nyasi zilizobaki, akayaosha mablanketi na kuyapa shamba moja linalotunza farasi waliotelekezwa; mimi ndiye niliyeyapakia garini. Kabla maua hayajatoka alimhamishia baba yake nyumbani kwake Bowie, akachukua likizo kazini kumtunza mwenyewe, na shirika likanipa mgonjwa mwingine, bibi wa Kisalvador anayesema Kihispania, ninayeelewana naye kwa ishara, karibu na pale ninapokaa, ambako wanajenga reli na mabasi hayapiti kwa vumbi na foleni.

Nilikwenda kumwona Mzee mara moja. Alikuwa kwenye kitanda cha hospitali kilichowekwa sebuleni, amefunikwa shuka tu, maana alikuwa na homa. Aliponiona alisema, "Karibu, ndugu," na baada ya hapo alilala. Nilikaa. Binti alileta chai. Aliniuliza kama nyumba yetu ina kipoza hewa, nikasema kipo kimeharibika, akasema pole kwa Kiingereza. Nikaondoka kabla hajaamka, kwa kuwa zamu yangu ilikuwa inaanza.

Ujumbe wa binti ulinikuta dukani kwa Wahabeshi, nanunua unga. Ulisema Mzee amefariki na wameshamzika, watu wachache tu, kama alivyotaka, na kwamba ananishukuru. Nilitoka na kusimama kwenye maegesho, magari yakinipigia honi. Nilitaka kumwandikia neno la kwetu la msiba, nikakumbuka hatalielewa. Nikajaribu la Kiingereza, nikalifuta, nikajaribu jingine. Mwisho niliandika tu kwamba nimepata ujumbe. Nikarudi ndani kuchukua unga, nikakuta mhudumu ameshaurudisha kwenye rafu.